Msiba wa Udongo

Udongo wa kijijini kwetu Ihumwa, ukiguswa na mvua ya kwanza, hunukia hadi mate yakujae mdomoni. Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, harufu hiyo iliingia mpaka chumbani alimolala bibi yetu mzaa mama, akiwa ameugeukia ukuta. Alikuwa ameacha kula. Uji wa uwele alioupenda ulipoa kando yake hadi ukafanya utando, na mama akautoa nje kimyakimya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wageni walikuja kila jioni na sukari zao, wakaketi mkekani, wakatikisa vichwa na kunong'ona, na mwenyeji hakupona. Mimi nilikuwa na hofu moja tu, kwamba bibi angeondoka bila kunitazama tena.

Dada yangu Mwaja hakulia wala hakunong'ona. Alikwenda korongoni tulikozoea kuchota udongo wa kufinyangia ng'ombe wa kuchezea, akafinyanga msiba mzima. Waombolezaji waliketi duara. Jirani yetu Mama Neema alikuwamo, hukosi kumtambua kwa unene na kilemba chake, kinywa wazi kwa kilio na mkononi sahani ya ubwabwa iliyofurika. Wachimba kaburi wawili walikuwa wakigombania blanketi la marehemu. Na ndani ya kaburi bibi mwenyewe alikuwa ameketi kitako, amenyoosha mkono akidai chakula. Mwaja aliupanga msiba huo juu ya ungo, akauingiza chumbani mbele ya wageni wote.

Mgeni mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Mwingine aligeuza uso. Mama Neema, alipojiona, alisimama wima. "Uchuro gani huu! Mtoto unamzika bibi yako angali hai?" Mama alinyanyua mkono amchape Mwaja, machozi yakimlengalenga. Ndipo kitanda kikalia, bibi akageuka. Aliutazama ungo kwa muda mrefu, akamtazama Mama Neema, akarudi kwenye ungo. Mabega yake yakaanza kutikisika, nasi tukadhani analia.

"Mke mwenzangu," alimwambia Mwaja, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kike kwa utani, "ndiyo umenizika bila hata mto?" Akamgeukia jirani. "Na wewe, hukuweza kunibakizia japo ukoko?" Mama Neema alijikaza, akashindwa, akacheka hadi akaketi chini. Bibi akasema mjukuu hamfanyii bibi yake uchuro. Mjukuu ni mtani, na mtani ana ruhusa mpaka kaburini. Kisha akaomba uji. Alikunywa nusu kikombe, nami nikaushika mguu wake nikalia kwa furaha. Alikula nasi mavuno ya mwaka ule, na ya mwaka uliofuata pia.

Leo naishi mjini, mtaa wa Miyuji, na mgonjwa ni mama. Wageni wake ni wengi na wapole. Wanamtumia dua kwenye simu, wakija wanamwambia "utapona tu" huku wakitazama sakafu. Nami ni mmoja wao. Adabu hiyo nimeijua kupita kiasi, na inaniuma. Juzi binti yangu alimpandia kitandani, akamgusa sikio, akauliza, "Bibi, ukifa, hereni hizi nitavaa mimi?" Nikamkemea kwa ukali. Mama akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Ninyi mmeshaanza kunizika. Huyu peke yake ndiye anayeongea na mtu aliye hai."