Chuma cha Ndege kwenye Boti ya Nkombo

Mimi si fundi wa kubembeleza wateja, na sikuwa hivyo hata zamani, nilipokuwa mgeni hapa Kamembe. Nilizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, nikajifunza kuchomelea hukohuko. Baada ya mauaji ya kimbari nikavuka mpaka kuja kuishi katika nchi niliyoijua kwa masimulizi ya wazazi. Nilikuja na mashine ya kuchomelea, nyundo mbili na maneno mengi.

Miaka ile ya vita vya Kongo, siku moja aliingia karakanani kwangu mama wa kisiwa cha Nkombo, mwenye boti ya mbao ya kubeba watu na ndizi. Injini yake ilitolewa kwenye kinu cha mahindi, na bomba lake la moshi lilipita kando ya kiti cha abiria. Mabomba mawili yalikuwa yameshatoboka. La pili liliunguza ubao boti ikiwa ziwani, watu wakajirusha majini, na tangu hapo hakuna aliyetaka kupanda. La tatu likitoboka, kazi yake imekwisha.

"Papa, mi nataka chuma ya ndege," alisema. "Ndege inaenda kule juu, sasa moshi ya boti itaishinda namna gani?"

Kosa hilo lilikuwa la mji mzima. Vita vilituletea mabaki ya ndege ndani ya magunia, na chochote chepesi na cheupe tulikiita chuma cha ndege, dawa ya kila kitu. Kumbe ni alumini tu.

"Maman, ile ni chuma ya masufuria. Moto ya moteri itaikula."

Alikunja uso, akageuka aondoke. Niliudhika, nikamwambia akae. Nikapekua lundo langu mpaka nikapata bomba lililotoka kwenye injini yenyewe ya ndege, lile la kutolea moshi: jeusi, lina madoa ya buluu, baya kama kiazi kilichooza. Wanasema kizuri chajiuza. Siku ile kizuri kilikuwa kinatudanganya.

Niliweka makaani vipande vitatu: alumini, chuma cha kawaida, na kile kibaya changu. Nikavukuta. Alumini ilinyong'onyea, ikadondoka majivuni. Chuma cha kawaida kilitoka kikibanduka magamba. Kibaya kiliiva kikawa chekundu, kikapoa, nikakigonga kwa nyundo. Hakikubanduka hata gamba moja.

"Basi chomelea hiyo mubaya," alisema. "Lakini ni weye utakaa pembeni yake."

Kulikata bomba lile kulimaliza misumeno mitatu. Nililichomelea kwa vijiti vya chuma kisichoshika kutu, kisha nikalisogeza mbali kidogo na ubao. Kesho yake tulikwenda Nkombo na kurudi, boti tupu, mimi nimeketi palepale. Niliogopa, sitadanganya, lakini uso niliukaza.

Gatini Kamembe watu walikuwa wamejaa, wengine wakisubiri niaibike. Mama yule aliweka kiganja kwenye ubao kando ya bomba, akakiacha hapo kwa muda. Nilisikia fahari ambayo sijaipata tena katika kazi yangu yote. Kisha akamwita mama yake mzazi, bibi kizee aliyekuwa akisubiri na vikapu vyake, akamshika mkono, akamketisha mahali nilipotoka mimi.