Wiki Gazeti la Bure Lilipochukuliwa Lote

Gazeti letu lilikuwa la bure, na mwanzoni watu wa Songea walituona wendawazimu. Nani anachapisha gazeti halafu haliuzi? Kina mama wa maandazi pale stendi walilipokea kwa mikono miwili, maana karatasi ya kufungia imewajia yenyewe. Mimi niliyeandika nusu ya habari zake nilikasirika kuona maneno yangu yanalowa mafuta. Mhariri wetu, mama mmoja mwalimu mkuu mstaafu aliyelianzisha kwenye chumba kimoja cha nyumba yake Ruhuwiko, alicheka tu.

"Mteja akimaliza andazi atasoma," mhariri aliniambia. "Njaa kwanza."

Matangazo ya maduka ndiyo yaliyolipia uchapaji. Kila Alhamisi tuliacha mafungu sokoni, saluni, zahanati na kwenye basi la Tunduru, ambako wakulima wa korosho walipiga simu likichelewa: "Assalaam aleikum, gazeti letu limekwama wapi?" Walisema "letu", nami nilivimba kichwa, sifichi.

Lakini hakuna walioliheshimu kama watu wa Maposeni, kijijini kwa mama mdogo wangu. Kila Jumamosi katekista wao alikuja mjini kuchukua nakala zao kwenye duka moja tulikoacha fungu lao, na Jumapili, misa ikiisha, alisimama nje ya kanisa akalisoma lote kwa sauti, kuanzia bei ya mahindi hadi tangazo la mbuzi aliyepotea. Kule jambo lilikuwa bado uvumi mpaka lisomwe pale.

Msimu mmoja, mahindi yakiwa yamefika magotini, wakulima wawili walituletea mbolea ya kukuzia waliyonunua kwa mfanyabiashara mmoja mkubwa wa pembejeo. Mhariri alitia kiganja kimoja cha mbolea hiyo kwenye glasi ya maji, akakoroga. Mbolea ya aina ile huyeyuka. Hii ilitulia chini kama mchanga. Tukauliza wakulima wengine, tukajaribu mifuko mingine, ikawa yale yale. Tukampelekea mfanyabiashara maswali yetu. Akatukaribisha soda, asijibu hata moja. Tangazo lake ndilo lililojaza ukurasa wetu wa nyuma. Mhariri alilitoa, akaweka picha ya ile glasi ukurasa wa mbele.

Gazeti likiwa bado kiwandani, nilimpigia mama mdogo, maana wao pia walinunua mbolea kwa yule yule.

"Shikamoo mama mdogo. Ile mbolea usiiweke, ni feki."

"Marahaba mwanangu. Gazeti limesema?"

"Linatoka Alhamisi."

"Basi tutasikia Jumapili. Kwenye simu kila mtu anasema lake. Juzi walisema chumvi imekwisha nchi nzima."

"Lakini habari yenyewe nimeiandika mimi!"

"Haya. Tutaisikia Jumapili."

Ningebishana vipi na mtu anayeliamini gazeti langu kuliko mimi?

Alhamisi tulisambaza asubuhi, na mchana mjini hapakuwa na nakala hata moja. Tulifurahi jamani! Mhariri alipika pilau, tukala tukisema watu sasa wameamka. Hadi Jumapili tulikuwa tunapongezana. Jumatatu asubuhi nikapita kwenye lile duka la katekista, na muuzaji akaanza kuwasifu wasaidizi wetu wapya. Vijana wa pikipiki walikuwa wamebeba fungu zima siku ile ile ya Alhamisi, wakisema wanapeleka vijijini. "Katekista alipokuja nikamwambia yameshatangulia," alisema. "Wale vijana niliwapa hata maji ya kunywa." Nilikimbia sokoni, saluni, stendi. Kote vijana wale wale. Aliyewatuma hatukuhitaji kuambiwa.

Mimi na mhariri tulikwenda kituo cha polisi. Askari alitusikiliza kwa adabu.

"Mama, gazeti mnaliuza?"

"Hapana."

"Mmekataza mtu kuchukua mengi?"

"Hapana."

"Sasa niandike wameiba nini?"

Mhariri, mwanamke aliyefundisha nusu ya mji huu, aliinuka akachukua mkoba wake. Nilitamani kumpiga mtu, na sikumwona wa kumpiga.

Miezi michache baadaye gazeti lilikufa, matangazo yakiwa yametukimbia. Hilo nimelimeza. Jumatatu ile bado imenikaa kooni.

Kutoka kituoni nilipanda bodaboda hadi Maposeni, na nakala moja iliyobaki ofisini nimeiweka kifuani ndani ya koti. Mvua ya Jumapili jioni ilikuwa imelowesha ardhi vizuri, na mkulima yeyote anajua maana yake: ni siku ya kuweka mbolea. Nilimkuta mama mdogo na majirani zake wanatoka shambani, mifuko mitupu wameikunja kwapani. Wamemaliza.

"Jana katekista alikuja mikono mitupu," alisema. "Tukakaa, tukasema labda linakuja na gari la mchana. Halikuja. Basi tukaona ulikuwa uvumi tu. Ingekuwa kweli, gazeti lisingetunyamazia."

Nilimpa gazeti. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaitazama glasi, kisha akasoma mwenyewe, taratibu, midomo ikichezacheza. Majirani walisogea wakasomea begani kwake. Hakuna aliyelia. Ningefarijika kama angalau mmoja angenitukana.

Mama mdogo aliinama, akachimbua kwa kidole kwenye shina la karibu, akazipata punje zile, bado ngumu, bado nyeupe.

"Tukianza sasa hivi," aliwauliza wenzake, "tunaweza kuzitoa kabla hazijatuharibia shamba?"

Wakapiga magoti, wakaanza.