Filamu ya Pamba na Maneno ya Bibi

Harufu ya petroli ya jenereta, ikichanganyika na ya ndagala, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa mlangoni, ndiyo iliyotujulisha kwamba mchana huo kulikuwa na filamu katika ukumbi wa parokia ya mtaa wetu, Kilibula. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi, na nilimpenda Safari, mtengenezaji filamu wa mjini kwetu, kuliko mwimbaji yeyote. Vichekesho vyake vya wakwe na walevi nilivihifadhi neno kwa neno. Basi tuliposikia kwamba mara hii ametengeneza filamu ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, watu walipolazimishwa kulima pamba katika bonde la Ruzizi, nilimshika bibi mkono tukaenda. Bibi alikulia Sange, kwenye bonde hilohilo, miaka hiyohiyo. Nilitaka anionyeshe utoto wake kwa kidole.

Mwanzoni alifurahi. Alivitambua vikapu, akatabasamu kuona wanawake wakiimba mashambani huku pamba imewaganda kwenye nywele. Kisha kapita, yule msimamizi wa shamba, akamchapa mkulima kiboko mbele ya watoto wake. Mkulima akainuka, akamnyang'anya kile kiboko, akampiga nacho. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi, napiga makofi mpaka viganja vinawaka.

"Haikukuwa vile," bibi akasema kwa sauti. "Baba yangu walimupiga, hakurudisha mukono. Alisimama, akaendelea kuokota pamba. Tulikuwa tunamuangalia."

"Mama, nyamaza, tunaangalia!" mtu akamkaripia kutoka nyuma.

Nilishuka kwenye benchi. Sikujua nimwonee nani haya, bibi au Safari. Filamu ilipokwisha, Safari mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama karibu na jenereta, alikuja akainama mbele ya bibi.

"Mama, nimesikia. Nilikosea? Niikate ile sehemu?"

"Usiikate," bibi akajibu. "Kesho iko tena?"

"Iko, mama."

"Tutakuja."

Njiani nilimwambia, "Bibi, miye sielewi. Si umesema ni uongo?" Kesho yake tulikaa mbele kabisa. Kapita alipoinua kiboko, bibi alinikamata goti. Mkulima aliponyanyuka, bibi alipiga kigelegele kikubwa kuliko cha ukumbi mzima, na machozi yakamtiririka. Kabla kiangazi hakijaisha nilimsikia akiwasimulia majirani jinsi baba yake alivyomnyang'anya kapita kiboko. Aliniona nikisikiliza. Aliendelea kusimulia.

Bibi ameshatutoka. Siku hizi hakuna anayesubiri jenereta. Filamu ile imo kwenye simu zetu, na katika kila arusi ya ukoo wetu lazima mjomba mmoja asimame atukumbushe kwamba sisi ni wajukuu wa mtu aliyempiga kapita. Vijana hushangilia, na migongo yao hunyooka kweli. Mimi bado naiona kuwa filamu nzuri kuliko zote za Safari, na ndiyo pekee ninayoiogopa. Majuzi binti yangu aliniuliza, "Mama, yule babu alimupiga kapita kweli?" Nilimwona yule mzee, baba yake bibi, ambaye sijawahi hata kuiona picha yake, akiokota pamba huku watoto wake wanamtazama, na nikaona kwamba nikisema ndiyo namfuta, nikisema hapana namchapa tena. Binti yangu bado anasubiri jibu.