Uvundo Niliousikia Peke Yangu

Ndugu zangu, naitwa Ghati. Nilizaliwa Kerende, nikaolewa Itiryo, vijiji vya Tarime karibu na mpaka wa Kenya, na huko ndiko ninakolima mpaka leo. Nawasimulia yaliyonipata kwa sababu huenda kuna mtu kati yenu anaumwa kimya kimya, akidhani amerukwa na akili.

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa nguvu. Nililima mihogo na mahindi, nikakamua ng'ombe, nikaimba kwaya. Mume wangu, Mwita, alinitania kwamba sauti yangu inasikika mpaka Kenya. Tulikaa miaka mingi bila mtoto. Tulipompata, wa kiume, tukampa jina la babu wa Mwita, marehemu Magige.

Mtoto alipoanza kukaa, nilipata mafua yasiyokwisha. Pua ya kulia iliziba. Shavu likawa zito, kama nimeficha jiwe ndani. Zahanati walinipa vidonge, nikapata nafuu, mafua yakarudi. Nikapewa vingine, yakarudi tena.

Kisha ikaja harufu.

Nilikuwa namwogesha mtoto. Nilipoinama juu ya beseni, nikasikia uvundo wa mzoga. Nikainuka, ukatoweka. Nikainama, ukarudi. Nilimnusa kichwani, kwapani, kitovuni. Mtoto anacheka, anapigapiga maji, na mimi nasikia maiti.

"Mwita, hebu mnuse mtoto."

Akamnusa. "Ananukia sabuni."

"Mnuse tena."

Akamnusa tena, halafu akaniangalia mimi.

Tulitafuta panya aliyekufa. Tukahamisha kitanda, tukatoa magunia yote nje, tukafagia mpaka darini. Hakuna kitu. Hata shambani nikiinama na jembe uvundo ulinijia, lakini shambani nako mtoto alikuwa mgongoni mwangu. Kwa hiyo nikaamini ni yeye. Nikaanza kumwogopa mwanangu. Nikimnyonyesha, nilitazama ukutani.

Mzee mmoja wa ukoo alisema marehemu Magige hataki jina lake lichukuliwe. Tukalibadilisha, tukamwita Marwa. Siku ya kwanza nilipoita "Marwa!" mtoto aligeuka upesi, akanikazia macho, kana kwamba muda wote alikuwa analingojea jina hilo. Nikainama kumchukua. Uvundo ukanipanda mpaka machozi yakanitoka.

Tangu hapo sikumbeba tena. Alilelewa na mama mkwe wangu, nyumba ya pili kutoka yetu. Nilikuwa nasikia kilio chake, nami nimekaa tu.

Mama mkwe ni mtu wa maneno machache. Mchana mmoja alikuja na mtoto, akamlaza kwenye mkeka mbele yangu.

"Ghati, unasema ananuka. Leo tutanusa wote wawili."

"Mama, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Inama."

Niliinama. Kitu kikateleza ndani ya shavu langu, na tone zito la njano, lenye kahawia kidogo, likadondoka kutoka puani mwangu hadi kwenye paji la uso la mtoto. Mama mkwe alilifuta kwa kidole, akanusa. Akabaki ameshika kidole kile mbali na mwili wake.

"Mwanangu," akasema taratibu, "si mtoto. Ni wewe. Kuna kitu kimeoza kichwani mwako."

Mwita alinipeleka hospitali mjini Tarime. Walinipiga eksirei. Daktari wa pua, baba wa makamo, aliibandika picha kwenye kioo cha taa. Sikuwahi kuona fuvu langu. Lilikuwa linanitazama. Shavu la kushoto lilikuwa jeusi, wazi. La kulia lilikuwa jeupe, kama ukungu umeingia ndani ya nyumba ukafunga mlango.

"Mfupa wa shavu una chumba cha hewa," daktari alisema. "Hiki chako kimejaa. Inaweza kuwa usaha, inaweza kuwa uvimbe. Kuna mashine kubwa zaidi, lakini ziko mbali. Nitatumia njia ya zamani: nitaweka humo dawa inayoonekana kwenye eksirei. Tutaona inapita wapi na inakataa wapi."

Aliniuliza kama nina mimba, na kama kuna dawa inayonidhuru. Nikasema hapana. Alinitia ganzi puani, akapitisha sindano nene. Mfupa ulilia ndani ya sikio langu kama ganda la yai likivunjika. Akaosha, na uvundo ule ukajaa chumba kizima. Muuguzi aligeuza uso. Jamani, nililia kwa furaha. Hatimaye mtu mwingine alikuwa anausikia!

Kisha akaingiza dawa. Niliisikia ikipanda, nzito, mpaka chini ya jicho, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Wakapiga picha. Baada ya siku chache nikarudi wakapiga nyingine. Dawa ilikuwa bado imekaa palepale.

"Ingekuwa imeshatoka," daktari alisema. "Njia imefungwa, na imefungwa muda mrefu. Nafasi hii kati ya dawa na mfupa ni ngozi ya ndani iliyovimba. Na huku chini dawa imezunguka kitu, haikukipita. Mizizi ya meno ya juu hufika karibu na chumba hiki. Uliwahi kung'olewa jino la juu upande huu?"

Niliwahi, nikiwa msichana, mnadani, na mtu mwenye koleo. Lilivunjika, naye akasema limetoka lote.

Nilipelekwa hospitali kubwa nikapasuliwa kupitia ndani ya mdomo. Nilipozinduka walinionyesha kipande cha mzizi wa jino walichokitoa ndani ya chumba kile, cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi. Damu ilinitoka puani siku kadhaa, na mdomo wa juu ulikufa ganzi kwa miezi. Nilisafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kama nilivyoelekezwa.

Nyumbani, Marwa alinikimbia. Alikuwa amemzoea bibi yake. Nilimbembeleza kwa ndizi, kwa nyimbo, mpaka jioni moja akasinzia mapajani mwangu. Nikainama polepole, nikiwa nimebana pumzi. Nikavuta. Kulikuwa na harufu ya maziwa, jasho na vumbi, basi.

Namshukuru Mungu, madaktari, na zaidi mama mkwe aliyethubutu kunusa pamoja nami. Ndugu zangu, mafua ya upande mmoja yasiyopona, yenye uvundo, msiyachukulie kuwa ya kawaida. Nendeni mkapimwe, na mwambieni daktari meno yenu yote mliyowahi kung'olewa.

Jumapili iliyopita, baada ya kusimulia haya kanisani, dada mmoja alinifuata hadi nyuma ya jengo. Akaangalia huku na huku.

"Mimi nasikia moshi," akaninong'oneza. "Usiku na mchana. Na hakuna anayepika."

Sikumwambia moshi huo utaisha kesho, wala sikumwuliza amemkosea nani. Nilimshika mkono.

"Nakuamini," nikamwambia. "Upande gani?"