Pingi Haitafuti Damu

Alipokuwa mtoto, kila asubuhi shangazi yake alimuuliza amelalaje, na kila asubuhi alitakiwa ajibu "salama" kama watoto wengine wenye adabu. Siku moja akajibu, "Sijalala, shangazi. Umekoroma usiku kucha." Nyumba nzima ilicheka isipokuwa shangazi. Mtoto akapata kofi na jina la Sijalala, na kofi lilipoa ila jina likabaki. Amekuwa mtu mzima, ana watoto, ana miwani, ana cheti cha ufundi wa kompyuta ukutani, na mpaka leo mama yake mzazi humwita hivyo hivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo, asiyejua kusema nzuri wakati mambo ni mabaya, ndiye aliyekabidhiwa seva za mfumo wa damu.

Kampuni yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, hata ngazi zilinuka tapentaini. Kazi yao ilieleweka kwa mtu yeyote: hospitali ikihitaji damu, muuguzi anafungua mfumo kwenye kompyuta ya wodi, anaandika kundi, na mfumo unamwambia chupa zilipo ili aziagize. Nyuma ya kazi hiyo zilisimama seva tatu, kompyuta kubwa za kujibu maombi, zilizofanana kama mapacha. Mbele yao palikuwa na mashine moja ya kugawa maombi: hili nenda ya kwanza, hili ya pili, hili ya tatu. Mafundi waliiita mgawaji. Mgawaji hatakiwi kuipelekea kazi seva iliyo mgonjwa, kwa hiyo kila baada ya sekunde chache huijulia hali kila seva. Aliyeufunga mfumo zamani zile aliamua swali lenyewe liwe pingi. Pingi ni kubisha hodi tu. Upo? Nipo. Basi, yameisha. Seva ikiitika, taa yake inakuwa ya kijani kwenye skrini kubwa ya ofisini, na mgawaji anaendelea kuimiminia kazi.

Shida ni kwamba seva inaweza kuitika pingi huku programu imeganda ndani. Anayeitika ni kama mlinzi wa getini, na mlinzi hajui kama mpishi amezimia jikoni. Seva ya tatu ilikuwa na ugonjwa huo. Programu inaganda, pingi inaitika, taa inawaka kijani, na maombi yote ya damu yaliyoangukia kwake yanapotea. Muuguzi huko wodini anaona kiduara kinazunguka kwenye kioo, kinazunguka, mpaka anachoka. Akirudia, mgawaji anampeleka kwenye seva nyingine na jibu linakuja. Ndiyo maana wahudumu wa dawati la simu walikuwa na jibu moja kwa kila aliyelalamika, wamelikariri kama sala: jaribu tena.

Sijalala alilichukia jibu hilo kuliko kitu chochote pale ofisini.

"Mtu anavuja damu, sisi tunamwambia ajaribu tena," alimwambia Kipara, fundi mwenzake. "Hivi sisi tuna haya kweli?"

Kipara alikuwa mtu mwema, hajapata kugombana hata na inzi. "Lakini dada, taa si zote ni za kijani?"

"Ndiyo ubaya wenyewe!"

Akaandika ukaguzi mpya. Mgawaji asibishe hodi tu. Aiambie seva ifanye kazi yake, itafute chupa moja ya damu kwenye hifadhidata, lile ghala moja la kumbukumbu zote, na ilete jibu. Isiyoleta, itolewe kwenye foleni mpaka ipone. Hakumwomba Meneja ruhusa, kwa sababu alikuwa ameshaomba mara nyingi na kila mara akaambiwa suala hilo litatazamwa. Alipiga moyo konde akauwasha mchana kweupe. Haukupita muda taa ya tatu ikawa nyekundu, seva ikatolewa kwenye foleni, na dawati la simu likawa na nafasi ya kunywa chai. Sijalala akatembea kifua mbele wiki nzima, na kusema kweli alizidisha. Hata kwenye ngazi alikuwa akipiga mluzi.

Ndipo hifadhidata ikakwama kidogo, kama mtu aliyepaliwa na maji. Seva zote zilikuwa zinaitegemea hifadhidata hiyo hiyo moja, kwa hiyo zote zikachelewa kujibu. Mgawaji, kwa utii wake wa kipumbavu, akaziona zote ni wagonjwa akazifukuza zote. Skrini ikawa nyekundu tupu. Hospitali zote zikakosa mfumo mpaka Sijalala alipozirudisha seva kwa mkono, simu zinalia kila meza. Pingi haikuwahi kufanya hivyo. Ubaya wa pingi ulikuwa wa rejareja, huu ulikuwa wa jumla.

Kosa lake alilijua papo hapo. Aliziuliza seva swali ambalo jibu lake halikuwa mikononi mwao. Tena hakumwambia mgawaji kwamba wote wakionekana kuumwa kwa pamoja, huenda mwenye kasoro ni mwingine, asiwatoe. Lilimuuma sana. Alikwenda mwenyewe kwa Meneja kabla hajaitwa.

"Bosi, kosa ni langu. Najua lilipo. Nitalirekebisha leo leo."

Meneja alipenda rangi ya kijani kuliko ng'ombe apendavyo majani. Alikuwa hajaketi tangu skrini ilipokuwa nyekundu. "Hurekebishi kitu," alisema. "Nimeshamwambia Kipara arudishe pingi. Miaka yote tumeishi na pingi, hatujawahi kuzima hospitali zote."

"Tumekuwa tukizizima moja moja, bosi."

"Umeona? Mdomo huo!" Meneja akamnyooshea kidole. "Kesho asubuhi uje ofisini kwangu, umkabidhi Kipara paswedi zote. Wewe unahamia dawati la simu."

Dawati la simu. Angekaa pale na simu sikioni, na yeye ndiye angewaambia wauguzi wajaribu tena. Sijalala alishuka zile ngazi za tapentaini na safari hii hakupiga mluzi.

Nyumbani mama yake alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho. "Mwanangu, kaombe radhi yaishe. Kibarua kitaota nyasi."

"Radhi ya kosa nililofanya nimeshaomba, mama. Ya nisilofanya siombi."

"Wewe nilikuzaa kichwa kimetangulia, na mpaka leo ndicho kinachotangulia."

"Hawanifukuzi hata hivyo. Wananipeleka kwenye simu, nikawaambie watu jaribu tena."

Mama aliacha kukunja. Alimfahamu bintiye vizuri. "Heri wangekufukuza," alisema, akamwachia meza.

Pale mezani Sijalala aliuandika ukaguzi upya. Safari hii kila seva iliulizwa mambo yake yenyewe: je, programu yako inapokea ombi, inalishughulikia na kulirudisha? Hifadhidata ikapewa mkaguzi wake peke yake. Na mgawaji akapewa amri kwamba hata iweje, asifukuze zote. Hakuwa na hakika kama mtu yeyote angeutumia. Aliandika tu, kwa hasira, na akauandika vizuri.

Asubuhi walikuwa watatu ofisini kwa Meneja: Meneja mwenyewe nyuma ya meza, Kipara aliyekuwa anatamani kuwa mahali pengine popote, na Sijalala na kompyuta yake kifuani. Aliweka kompyuta mezani akaanza kueleza. Meneja akainua mkono.

"Sihitaji maelezo. Pingi imerudi tangu jana na wateja wameridhika. Nawauliza wenyewe, mbele yako." Akapiga simu, akabonyeza spika. Aliyepokea ni muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali kubwa ya mji.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri, bosi."

"Na huu mfumo wetu wa damu, unaendeleaje?"

"Mzuri tu. Tunashukuru."

Meneja alimtazama Sijalala, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Alikuwa anapeleka kidole akate simu, Sijalala akaivuta upande wake.

"Dada, pole na kazi. Usikate. Mimi ni fundi wa huo mfumo. Hebu nitafutie chupa ya damu, kundi O hasi, sasa hivi, nikiwa hapa kwenye simu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, dada yangu."

Wakasikia vidole kwenye kibodi, kisha kimya. Ombi lile lingeweza kuangukia seva iliyo nzima, na Sijalala alilijua hilo. Alikuwa tayari kumtafutisha damu yule mama mpaka jioni. Meneja akaanza kupanga kalamu zake.

"Imeleta?" Sijalala akauliza.

"Bado, inazunguka." Kimya tena. "Bado. Ngoja nijaribu tena." Vidole kwenye kibodi. "Ehe, imeleta."

"Huwa inafanya hivyo?"

"Kila siku! Ilitulia wiki moja tu, jana imerudia yake. Tumeshaizoea. Sisi hapa tunafungua kompyuta mbili, hii ikigoma tunakimbilia ile. Jana usiku zote mbili ziligoma na nina mzazi mezani anaishiwa damu. Nikamtuma mtu kwa miguu benki ya damu."

Kipara aliinamisha kichwa. Sijalala akaisogelea simu.

"Sasa dada, mbona bosi amekuuliza ukamwambia mzuri?"

Muuguzi akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Jamani, mtu akikupigia asubuhi akakujulia hali, utamjibu nini?"

Meneja akamgeukia Kipara. "Itoe hiyo ya tatu. Itoe kwa mkono, sasa hivi."

"Asiitoe," Sijalala akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema asiitoe, kama hauwashi ukaguzi. Akiitoa kwa mkono leo, wewe utaona kijani na utalala usingizi. Siku ikiganda seva ya kwanza au ya pili, nani ataitoa? Utazunguka hospitali moja moja ukiwauliza habari?"

"Wewe mwanamke, kumbuka unaongea na nani! Nimeshakwambia unahamia dawati la simu."

"Nihamishe." Sijalala akazitoa paswedi, zimeandikwa kwenye karatasi, akaziweka mbele ya Kipara, na Kipara hakuzigusa. "Nihamishe leo. Lakini nikikaa pale, bosi, sitamwambia mtu yeyote ajaribu tena. Kila muuguzi atakayepiga nitamwambia seva ya tatu imeganda, meneja anajua, na dawa yake ipo mezani kwake hataki kuiwasha. Halafu nitampa namba yako ya simu."

"Huwezi kufanya hivyo!"

"Nitaanza na huyu wa wodi ya wazazi."

"Nipeni," ikasema simu.

Wote watatu waliruka. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuikata.

"Hiyo namba nipeni sasa hivi," muuguzi akasema, na sauti yake haikuwa tena ya asubuhi njema. "Kalamu ninayo. Naiandika ukutani, hapa juu ya kompyuta, kila zamu iione."

Meneja aliitazama simu, akamtazama Kipara, na Kipara, yule yule asiyegombana hata na inzi, akaanza kuitaja namba ya bosi wake tarakimu moja moja, taratibu, ili mama wa watu asikosee.

"Basi!" Meneja akasema. "Basi, Kipara, nyamaza. Uwasheni huo ukaguzi."

Sijalala hakushukuru. Alivuta kiti, akaketi kwenye meza ya Meneja bila kukaribishwa, akauwasha palepale. Kwenye skrini kubwa upande wa pili wa ukuta wa kioo, taa ya tatu ikawa nyekundu.

"Dada," akaiambia simu, "tafuta tena. Tafuta mara nyingi uwezavyo. Mimi sikati."