Ndege Wasioliwa

Mwanamume wa kwetu haamki Jumamosi alfajiri kwenda kutazama ndege asiowala. Ndivyo nilivyoamini, na akina mama wa kanisani waliniunga mkono. Wiki nzima mume wangu alipakia makontena kwenye maghala ya Clairwood, katika nchi hii ya ugenini tuliyoikimbilia wakati wa vita vya kwetu, na siku yake ya kupumzika alipanda hadi bwawa moja huko milimani, akarudi na matope viatuni na uso uliotulia. Uso huo ndio ulionitia wasiwasi. Nilinusa mashati yake, yakanuka mvua tu. Nikasema, huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Septemba moja nikamwambia nitakwenda naye.

"Iko baridi sana kule, mama," alisema.

"Na izo ndege, zenyewe hazisikie baridi?"

Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, chekundu na njano, na kilemba chake. Huendi kukabiliana na mwanamke mwenzio umevaa nguo za kupikia.

Bwawani upepo ulikata masikio. Ndani ya kibanda cha kutazamia ndege mwanamke alikuwamo kweli: bibi wa Kizungu, umri wa mama yangu, darubini shingoni. Alimmiminia mume wangu chai bila kumuuliza sukari vijiko vingapi. Ahaa, nikasema moyoni.

Niliinuka kuchungulia dirishani. Korongo wawili wenye taji kichwani walikuwa ukingoni. Walipokiona kitenge changu, wakaruka. Mume wangu alifumba macho. Bibi hakulalamika. Alivua koti lake la kahawia, akanivisha, akabaki anatetemeka na sweta. Niliona aibu, lakini shaka yangu haikwenda popote.

Baadaye korongo walitua mbali kidogo, na mume wangu akatoka kuwafuata polepole. Bibi akanisogelea. Kwa Kiingereza cha taratibu, ili nielewe, alisema kila akiwaona korongo hao humfikiria dada mdogo wa mume wangu, yule aliyekuwa akiwafukuza shambani kwa mama yao kabla vita havijamchukua.

"Pole sana kwa kumpoteza," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayejua. Tumeoana miaka kumi na mmoja, tuna watoto watatu. Mimi aliniambia kwao alizaliwa peke yake.