Maji ya Chinsaga

Leo nimejua ni nani anakula vitamini zangu.

Kliniki. Mimba ya miezi mitano, nimechoka hata salamu nashindwa kujibu. Nesi anasema damu iko chini.

"Mboga za kienyeji unakula?"

"Chinsaga kila siku!" Nilijibu kwa maringo.

"Mnapika aje?"

Nikamweleza: mama mkwe huchemsha na kumwaga maji mara tatu, uchungu uishe.

Nesi akaweka kalamu chini. "Vitamini B ya kujenga damu na uti wa mgongo wa mtoto inaenda na hayo maji."

Akanipa vidonge vya foliki, hiyo hiyo vitamini B.

Nafika nyumbani, mama mkwe anamwagia migomba maji ya chinsaga kutoka kwa sufuria.

"Pumzika, mtoto wangu. Uchungu nimetoa wote."

Jamani, hiyo migomba imenona kuniliko.

Nani atamwambia? Mimi sina nguvu.